Gari linavuta kushoto, na fundi anataka mnyororo na mwembe

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Ujiji. Nina Mini ya mwaka 1974 aliyoniachia marehemu baba. Mwezi uliopita usiku niliingia mtaroni kwa gurudumu la mbele kushoto. Vijana wakafunga kamba kwa chini, wakaitoa. Tangu hapo inavuta kushoto na usukani umekaa upande. Fundi wa kwanza anasema krosmemba imepinda, aipashe moto wa gesi kisha aivute kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe. Wa pili anasema nitafute krosmemba nyingine. Wa tatu anasema aichomelee kwenye bodi moja kwa moja, nisahau. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mtaro. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao watatu. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mmoja wao alishika futi kamba, sijapaona. Wamesikia "mtaro", wamesikia "inavuta", wakahukumu. Najua Ujiji hamna njaa ya miembe, na mmoja wa miembe hiyo umeingia kwenye historia kwa Stanley kumkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Lakini mwembe haupimi kitu. Unavuta tu.

Hicho wanachokiita krosmemba, kwa Mini jina lake ni sabufremu: fremu ndogo iliyofungwa kwa bolti chini ya bodi. Gari lako linazo mbili. Ya mbele imebeba injini, gia boksi, mikono ya magurudumu na zile koni za mpira zinazofanya kazi ya springi. Ya nyuma imebeba mikono ya nyuma na koni zake. Usiifikirie kama chesesi ya Land Rover. Ni bati lililokandamizwa kwenye mashine, likakunjwa na kuunganishwa kwa kuchomelewa, na ndani yake ni tupu. Nguvu yake yote iko kwenye umbo. Umbo likiharibika, hata chuma kikiwa kizima, fremu imekwisha nguvu.

Fundi wako wa tatu nimmalize hapa hapa. Magari ya kwanza ya majaribio ya Alec Issigonis, mbunifu wa Mini, hayakuwa na sabufremu. Mikono ya magurudumu ilishikwa na bodi yenyewe. Bodi ikachoka na kupasuka, ndipo zikawekwa fremu mbili za kuugawanya mzigo ule, na gari likatoka mwaka 1959 likiwa nazo. Likaendelea nazo hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2000. Sasa yeye anataka kuchomelea fremu ambayo hajui kama imekaa sawa, kwenye bati jembamba la bodi, ili ikae vibaya daima. Mpe chai, mshukuru, aende.

Sasa nirudi kwenye neno moja ulilolipita haraka: kamba.

Tazama kwanza baiskeli. Uma wake wa mbele haukusimama wima, umelala. Hiyo ni moja ya sababu baiskeli ikiwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na bado ikaenda mbele. Gari nalo lina mlalo huo. Kwenye Mini ni nyuzi 3 hivi: boljointi ya chini, kile kiungo ambacho gurudumu hugeukia, imetangulia mbele kidogo kuliko ya juu. Mlalo wa kushoto na wa kulia ukiwa sawa, gari linakwenda mbele. Ukitofautiana, gari linaelekea upande wenye mlalo mdogo.

Kinachotunza mlalo huo ni fimbo moja nyembamba ya chuma kila upande. Inatoka kwenye mkono wa chini wa gurudumu, inakwenda mbele, inaishia kwenye jicho lililo kwenye ncha ya mbele ya sabufremu. Pale kwenye jicho ina bushi za mpira mbele na nyuma, na nati mwishoni. Usiichanganye na tairodi ya steringi. Hii haigeuzi kitu, kazi yake ni kuzuia gurudumu lisiende mbele wala kurudi nyuma.

Gurudumu la kushoto lilipogonga ukingo wa mtaro lilisukumwa nyuma. Fimbo ya kushoto ikavuta jicho lake. Hapo bushi hupasuka, au jicho lenyewe hukunjika kuelekea nyuma. Mlalo wa kushoto ukapungua, gari likaanza kuvuta kushoto. Hiyo ndiyo hadithi ambayo mafundi wako wote wamejisimulia, na inawezekana ni ya kweli.

Ila ipo nyingine. Vijana walifunga kamba "kwa chini". Chini wapi? Ukipeleka mkono gizani uvunguni mwa Mini kwa mbele, fimbo hizo ndizo unazozikamata, zinaonekana kama zimewekwa pale kwa ajili ya kamba. Kushoto kulikuwa kumezama mtaroni, hakufikiki. Kijana mwenye haraka atafunga ya kulia. Ikivutwa, fimbo inapinda kama upinde, na upinde ukipinda ncha zake zinakaribiana. Fimbo imefupika. Mkono wa chini wa kulia umevutwa mbele, mlalo wa kulia umeongezeka kupita wa kushoto, na gari linavuta kushoto vile vile! Ugonjwa uko kulia, maumivu yako kushoto. Na fundi wako wa kwanza angeanza kuvuta upande ambao hauna kosa.

Kwa hiyo waulize wale vijana walifunga wapi. Kisha lala uvunguni na tochi, weka rula iliyonyooka kwenye fimbo moja, halafu nyingine. Dakika tano. Fimbo ni kitu cha kufungua na kufunga, bei yake haikaribii ya sabufremu. Ukiikuta imepinda usiigonge kwa nyundo kuinyoosha, tafuta nyingine. Iliyowahi kupinda itapinda tena pale pale.

Rula ikisema fimbo zote mbili zimenyooka, tunaingia kwenye vipimo. Kabla hujaanza, jaza upepo sawa na ubadilishane tairi mbili za mbele, kushoto kwenda kulia. Halafu endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, gusa ringi: ya kushoto ikiwa ya moto na ya kulia baridi, breki ya kushoto inashika, wala usiisingizie fremu. Nimeona mtu ameagiza fremu Uingereza kwa kosa la breki ya dramu iliyofungwa kupita kiasi.

Kipimo cha kwanza ni kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi katikati ya kitovu cha nyuma. Gari likae kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Pima kushoto, pima kulia. Mini ya saluni kama yako inatakiwa kuwa milimita 2,036. Wengi wakishaona pande mbili zinatofautiana wanaishia hapo, kumbe namba yenyewe ndiyo inayosema. Tuseme kushoto umepata 2,024 na kulia 2,036: gurudumu la kushoto limerudi nyuma. Ukipata kushoto 2,036 na kulia 2,046, basi la kulia ndilo lililokwenda mbele, na tunarudi kwenye kamba.

Cha pili ni cha mshazari, na hapa azima timazi ya mwashi. Chagua pointi zinazofanana kushoto na kulia: bolti ambazo mikono ya chini imefungiwa kwenye fremu ya mbele, bolti za nyuma za fremu hiyo, na bolti za mbele za fremu ya nyuma. Kila pointi shusha timazi, subiri itulie, weka alama ya chaki sakafuni. Zikiisha zote, lisukume gari litoke. Utabaki na ramani ya uvungu wako sakafuni. Sasa pima mshazari, kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Fanya hivyo ndani ya fremu ya mbele peke yake, halafu kati ya fremu mbili. Mimi binafsi hukubali tofauti ya milimita 3, maana mkono wa binadamu na chaki vina makosa yake. Ikifika 6, na nimerudia nikapata ile ile, sibishani tena.

Fremu ya mbele ikiwa sawa ndani yake lakini mshazari kati yake na ya nyuma haulingani, haijapinda. Imesogea, au bodi ndiyo iliyokunjika. Gari lako ni la 1974, na Mini za kabla ya 1976 fremu ya mbele ilifungwa kwenye bodi chuma kwa chuma, bila mpira katikati. Kishindo cha mtaro kinapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Inua kapeti ya mbele utazame bati la pale miguu inapokaa, kisha fungua boneti utazame pale nguzo mbili za fremu, zile zinazosimama kushoto na kulia mwa injini, zinapofungiwa. Unatafuta rangi iliyopasuka kama udongo mkavu, kunjo jipya, au mstari wa kutu uliochomoza mahali palipokuwa pazima.

Na usikubali mtu avute uzi ubavuni kutoka tairi la nyuma hadi la mbele akakwambia "unaona, imepinda". Magurudumu ya mbele ya Mini yamepanuka kuliko ya nyuma, karibu sentimita mbili kila upande, tangu kiwandani. Uzi huo utamhukumu kila mwenye Mini duniani.

Mwisho wa ukaguzi, osha fremu kwa brashi na mafuta ya taa, pale kwenye macho ya fimbo na kwenye matundu ya mikono ya chini. Tundu lililokuwa duara likawa kama yai limekwisha. Tazama pia kama oili inavuja, kwa sababu injini ya Mini imekalia gia boksi na vyote viwili vinakunywa oili moja. Kasha lake ni la aluminiamu, na ukingo wa mtaro haulionei huruma.

Sasa tuseme imepinda kweli. Inanyooshwa?

Nilipokuwa kijana hapa Tabora niliinyoosha moja kwa moto. Jicho la fimbo lilikuwa limekunjika, nikalipasha gesi hadi likawa jekundu, nikalivuta, likarudi. Nikapaka rangi nyeusi, mwenye gari akafurahi, nikanywa soda yake. Kabla mwaka haujaisha alirudi. Jicho lilikuwa zima. Ufa ulikuwa vidole viwili pembeni yake, pale ambapo moto uliishia na ubaridi ulianzia, umezunguka karibu kona yote. Ndani, rangi ya kiwandani ilikuwa imeungua yote, kutu imekula bati kutoka upande ambao sikuweza kuuona. Pesa yake nilimrudishia. Soda ilikuwa imeshanyweka.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu. Jicho lililokunjika kidogo, bila ufa, linaweza kurudishwa kwa baridi, fremu ikiwa imefunguliwa yote kutoka kwenye gari, ikabanwa kwenye meza ya chuma na kusukumwa taratibu kwa jeki ya haidroliki huku kipimo kikichukuliwa kila baada ya msukumo. Mkunjo ukiwa kwenye kona kuu, kwenye nguzo, au kwenye tundu la mkono wa chini, fremu ni ya kubadilisha. Ya nyuma ikioza, hata siulizi: inabadilishwa. Viraka kwenye bati lililooza unachomelea hewa. Kwa hiyo fundi wako wa pili anaweza kuwa na haki. Kasoro yake ni kwamba alikuwa na haki kabla ya kupima.

Ukiagiza, usiseme tu "sabufremu ya Mini". Sema ni ya gari la 1974, nguzo zenye bolti mbili kila upande, ya koni za mpira. Baada ya mabadiliko ya 1976 nguzo zina bolti moja kubwa na mipira, haiingii kwako bila kuhangaika. Na kati ya 1964 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwepo Mini za mfumo wa majimaji badala ya koni, fremu zake ni nyingine. Piga picha juu ya nguzo na umtumie muuzaji kabla ya kulipa. Uingereza bado zinatengenezwa mpya, na kwa kuwa nao wanaendesha kushoto kama sisi, vya kwao vinakufaa. Iliyotumika iogope kidogo: kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi ikiingia kwenye bati tupu haitoki. Muombe muuzaji aigonge kwa nyundo ndogo mbele ya kamera. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinakohoa.

Kuitoa, njia rahisi ni kuinua bodi na kuiacha fremu chini pamoja na injini na magurudumu yake, kuliko kuishusha kwa vipande. Unachomoa betri, rejeta na paipu zake, paipu ya petroli, kebo ya spidi na ya mafuta, eksozi, rodi ya gia, hozi za breki, ya klachi, shokapu kwa juu, na ile fimbo fupi inayoshika injini isicheze. Steringi raki iache. Imefungwa kwenye sakafu ya bodi, inabaki na bodi. Ila tairodi zake zitoe kwenye magurudumu, na hapa ndipo wengi husahau wakaanza kuinua. Bodi iegeshwe kwenye stendi za chuma. Matofali hapana, na jeki peke yake hapana kabisa.

Bolti ndizo zitakazokutesa. Zimekaa miaka hamsini. Anza kuziloweka kwa dizeli siku tatu kabla, kila asubuhi na jioni, na ukianza kufungua rudisha nyuma kila robo mzunguko. Kubwa kuliko yote: wakati wa kurudisha, paka grisi kila uzi wa bolti. Ninyi wa Kigoma somo hili mnalo bandarini. Mwaka 1916 Wajerumani walipaka grisi mashine za meli yao kabla ya kuizamisha ziwani. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine zilikaa majini miaka kadhaa.

Kabla ya kuhamisha mkono wa juu kwenda fremu mpya, koni ya mpira ibanwe kwa kifaa chake cha skrubu kinachopitia tundu la juu ya nguzo. Usiifungue kwa mtaimbo. Ikifyatuka haichagui kidole. Bushi zote weka mpya, haina maana kufunga fremu mpya kwa mipira ya babu.

Ukishusha bodi juu ya fremu mpya, kila bolti ianze kwa vidole. Zote, bila kukaza hata moja. Bolti inayotaka mtaimbo ili iingie inakwambia kuwa bodi nayo imekunjika, na hapo simama, usilazimishe, maana utaipinda fremu mpya siku ya kwanza. Zikishaanza zote ndipo unakaza za nguzo, kisha za nyuma, kisha za mbele. Bolti za mikono ya chini zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, bushi zinabaki zimejisokota na hazitadumu.

Toa upepo kwenye breki na klachi, halafu alaimenti. Hapa mwandikie fundi kwenye karatasi kabisa, kwa sababu mkono uliozoea magari ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma utafunga magurudumu ya mbele yaangaliane. Mini inataka kinyume: ya mbele yafunguke kwa mbele milimita 1.6, ya nyuma ndiyo yaangaliane milimita 3.2. Za mbele unarekebisha kwa tairodi. Za nyuma hazina skrubu ya kurekebishia, zinategemea fremu na mabano yake, kwa hiyo zikikataa rudi kwenye ramani ya chaki.

Kisha endesha hadi Kidahwe na kurudi, kwa utaratibu, usukani ukiushika kwa vidole viwili. Ukifika nyumbani acha injini ipoe, pitia bolti zote tena kwa spana. Kwanza lakini nitumie majibu ya mambo mawili: vijana walifunga kamba fimbo ipi, na namba za kitovu hadi kitovu, kushoto na kulia. Fremu usiiagize kabla sijaziona.